Mawimbi Yanayopumzika Jumapili

Ufini, kaskazini,
Januari

Mdogo wangu Maduhu,

Mwangaluka. Naomba radhi kwa ukimya wangu, ulioanza kabla hamjapanda pamba na kuendelea hadi sasa ambapo bila shaka mnaipalilia. Radhi hiyo naiomba kwa sababu dada mkubwa hapaswi kumnyima mdogo wake salamu, hata pale alipokosewa. Usije ukadhani, hata hivyo, kwamba nilikuwa mgonjwa au kwamba simu yangu iliharibika. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo. Nilisubiri ipungue kiasi cha kuniwezesha kuandika sentensi iliyonyooka.

Hali yako je? Mkeo Holo anaendeleaje na kifua chake, na je, aliacha kupikia ndani kama alivyoshauriwa? Ng'ombe wamepona ule ugonjwa wa miguu? Nasikia mvua za mwanzo zilinyesha vizuri Bariadi mjini zikawaruka ninyi wa Ngulyati. Mungu awakumbuke.

Mimi ni mzima wa mwili. Jua la huku hutokea upande wa kusini kama mtu anayechungulia mlangoni, kisha huondoka bila kuketi. Theluji imefika kwenye madirisha. Mwanamke mwenye nyumba ninamopanga hunisalimu kwa kutikisa kichwa tu, na akisikia harufu ya dagaa hufungua milango yote, baridi ikaingia hadi kwenye mifupa. Michembe ya viazi aliyonifungia Shangazi niliila kidogo kidogo mpaka ikaisha. Sijayaandika haya ili nihurumiwe. Nimeyaandika ili ujue nimeketi wapi ninapokuandikia.

Barua hii inaletwa na mwanafunzi wa kwetu anayerudi likizo. Nimemwagiza aikabidhi kwa Shangazi, si kwako, na isomwe kwa sauti mbele yenu wote wawili. Ujumbe wako wa simu niliupata. Maneno yake yalikuwa yamekatwakatwa kama kuku wa mgeni asiyetarajiwa, na sikuusoma hadi mwisho. Mtu anayetaka kusamehewa huandika irabu zote.

Shangazi, kwa kuwa unasikiliza, nianze kwa kukueleza kile kibanda kilichomo katika shamba la baba ni cha nini, kwa sababu Maduhu ameacha kijiji kizima kiamini uongo.

Dunia yetu ni sumaku kubwa. Nguvu ya sumaku hiyo haiishii ardhini. Inapanda juu, kupita mawingu na kupita ndege, ikaizunguka dunia kama uzio wa minyaa unavyolizunguka boma. Ndani ya uzio huo kumejaa plazma, yaani gesi ambayo mionzi ya jua imeivunjavunja hadi chembe zake zikabeba umeme. Nalo jua hutupulizia upepo wake bila kupumzika. Upepo huo ukiusukuma uzio kwa kishindo, plazma iliyomo ndani hutikisika, ikaenda na kurudi kama maji ndani ya ndoo iliyogongwa. Mtikisiko ukiwa mkubwa unaweza kuharibu setilaiti na kuzima umeme wa miji. Kazi yangu ni kuandika hesabu zinazoeleza mtikisiko huo unaanzia wapi, unasafiri vipi, na unachukua muda gani kutulia. Hesabu hizo tunazilisha kwenye kompyuta, nayo inatuchorea mambo ya huko juu tusikoweza kufika. Mchoro huo wa hesabu ndio tunaouita modeli.

Modeli isiyolinganishwa na vipimo ni hadithi ya kulazia watoto. Hesabu zangu zinasema kwamba ndoo ikigongwa, maji hutikisika pande zote kwa mwendo mmoja; pigo likionekana huku kaskazini, lazima lionekane pia karibu na ikweta, wakati uleule, kisha lififie baada ya kwenda na kurudi mara chache. Ndiyo maana nilihangaika, nikaandika, nikabishana na wakubwa, mpaka chombo kimoja cha kupima usumaku kikafukiwa Ngulyati, katika shamba la baba, na kingine hapa. Juu ya kile cha Ngulyati tulijenga kibanda cha miti na nyasi, kwa vigingi vya mbao, bila msumari hata mmoja. Chuma kikisogezwa karibu, chombo hukisikia kuliko kinavyolisikia jua.

Maduhu hawezi kusema kwamba hakulijua hilo. Siku tulipomaliza kujenga nilimwomba asukume baiskeli yake taratibu mbele ya kibanda huku akitazama kioo cha kompyuta. Mstari uliruka kama panzi. Akacheka, akairudisha baiskeli nyuma, akaisukuma tena ili auone ukiruka mara ya pili. Kisha akaniahidi, ukiwepo wewe Shangazi, kwamba ng'ombe watapita kwa sababu ng'ombe si chuma, lakini jembe, panga, baiskeli na kengele za maksai vitaishia kwenye minyaa.

Sasa niwaeleze yaliyonipata.

Baada ya mavuno yaliyopita chombo cha Ngulyati kilianza kuleta mawimbi ya ajabu. Kila jioni, giza linapoingia, yalianza mapigo yenye mwendo unaokaribiana kabisa na ule niliokuwa nikiutafuta. Tofauti ni kwamba hayakufifia. Yaliendelea tu, kama mtu asiyechoka. Huku kaskazini hayakuonekana. Niliwaza sana. Mwishowe nikakubali kwamba huenda karibu na ikweta kuna plazma nzito kuliko tulivyodhani, inayoendelea kucheza yenyewe baada ya pigo kupita. Nikaiingiza katika modeli, na modeli ikakubali. Nilikipigia simu kwanza kibanda changu, kama desturi, yaani nilikupigia wewe. Nilikuuliza kama kuna chuma chochote kinachofika pale. Unakumbuka ulivyonijibu?

"Dada, pale hata nzi akivaa pete simruhusu."

Nilicheka. Nilikuamini, nikaenda kuisimamia kazi yangu mbele ya wenzangu.

Katika kikao kile alikuwamo kijana mmoja anayeitwa Mikko. Hajawahi kunipenda. Anaona kwamba nafasi yangu ingepewa mtu mwenye umri wake, na kwamba mwalimu mstaafu kutoka Tanzania aliletwa ili kupamba picha ya pamoja. Aliniacha nimalize. Kisha akaonesha mawimbi ya Ngulyati aliyokuwa ameyapanga kwa siku za juma. Jumatatu yapo. Jumanne yapo. Yakaendelea hivyo hadi Jumamosi. Jumapili hayapo. Alirudia juma baada ya juma, na kila Jumapili mstari ulikuwa umenyooka kama uzi.

Akanigeukia, akaniuliza kwa upole wa mtu anayenoa kisu, "Mama, hayo mawimbi yako huwa yanakwenda kanisani?"

Chumba kizima kilicheka. Aliyekuwa akinijazia kahawa kila asubuhi naye alicheka. Nimefundisha miaka mingi, Maduhu. Nimewahi kuchekwa na darasa, nikajua la kufanya. Siku hiyo sikujua. Nilikusanya karatasi zangu nikasema nitachunguza.

Siku chache baadaye Shangazi, bila kujua lolote, akanitumia video kwa simu ya Holo. Aliongeza maneno ya furaha: tazama mdogo wako anavyong'ara, wameshinda tena. Shangazi, wewe huna kosa, na nakuomba usijilaumu. Nilifungua video nikiwa nimesimama jikoni. Nikaona uzio wetu wa minyaa. Nikaona kibanda changu. Mbele ya kibanda nikaona mstari wa wacheza ngoma ya bugobogobo, kila mmoja na jembe lake, wakilikaribia paa la nyasi hadi karibu kuligusa, wakirusha majembe juu, wakiyadaka, wakirudi nyuma hadi kwenye minyaa, kisha wakija tena. Ngoma ikiwapeleka, ngoma ikiwarudisha. Nikautazama mwendo wa kwenda na kurudi kwa mstari ule, nikaketi sakafuni. Hiyo ndiyo plazma yangu nzito ya ikweta. Ni vijana wa Ngulyati na majembe yao, na mbele yao, akiwa amefunga kitambaa chekundu kichwani, manju wao, Maduhu mdogo wangu.

Jumapili hamfanyi mazoezi kwa sababu wapiga ngoma wenu ni wanakwaya. Nilihitaji kuchekwa na Mikko ili nikumbuke jambo ambalo kila mtoto wa Ngulyati analijua.

Nilikupigia tena, na maneno tuliyosemezana siku ile Shangazi hayajui. Ayajue leo. Nilipokuuliza kwa nini, hukuona aibu. Uliniambia kwamba majembe hayakuwekwa pale, yalikuwa hewani. Nikakujibu kwamba chombo hakijali kama jembe limelala au linaruka. Ndipo ulipotoa la moyoni. Ulisema kwamba wapinzani wenu wa mashindano ya ngoma wamezunguka kwa waganga wote hadi Mkula kutafuta dawa ya kuvuta watazamaji, na bado mliwashinda, kwa sababu ninyi mna kitu kinachosikiliza mbingu. Tangu mlipoanza kucheza mbele yake watu wamekuja upande wenu kama nzige, na wa upande wa pili wamebaki wakiwachezea mbuzi.

"Unataka niwaambie wenzangu kwamba ni sanduku tu?" ulisema.

"Ni sanduku tu."

"Kwako, dada. Na kama limekuchosha, lihamishe. Shamba ni la baba, si la jua."

Nikakata simu. Tangu siku hiyo sijakuita jina hadi leo nilipoanza barua hii.

Nataka nikuambie kwa nini sikusamehe, ili usije ukadhani ni kwa sababu ya kuchekwa. Kuchekwa kunapita. Umekichukua chombo cha kupimia, ukakifanya hirizi, ukawatangazia watu wanaokuamini kwamba dada yako aliyesoma amewaletea dawa kutoka ng'ambo. Mganga angalau anaiamini dawa yake. Wewe uliuona mstari ukiruka mbele ya baiskeli yako. Ulijua kilichomo ndani ya kibanda kile kuliko mtu yeyote katika kata nzima, na ukanyamaza kwa sababu ukweli haukukuletea watazamaji. Baba alitulea tukiwa na imani yake ya Kikristo na heshima kwa wazee waliotutangulia. Hakutulea tuchanganye mambo hayo na chombo cha sayansi katika chungu kimoja na kuwauzia majirani mchuzi wake.

Usiseme kwamba nadharau ngoma. Mama alilima katika mstari wa bugobogobo akiwa na mimi mgongoni. Ngoma ikipigwa pembeni, majembe yakipanda na kushuka pamoja, ekari nzima ikageuka kabla jua halijawa kali. Hiyo ilikuwa kazi na wimbo kwa pamoja. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni mahali.

Na kuna jambo moja zaidi, ambalo sikulisema kwenye simu kwa kuwa nilijua nikilisema nitalia, nami sikutaka uisikie sauti yangu ikilia. Katika video ile nililitambua jembe ulilokuwa ukilirusha. Limelika upande wa kushoto, kama lilivyolika kwa mkono wa mama. Jembe hilo tuliliacha kwenye pao la nyumba ya Shangazi baada ya mazishi, tukakubaliana kwamba halitalima tena wala halitatoka. Wewe ndiwe uliyelipandisha pale kwa mikono yako. Kati ya vyuma vyote vilivyoivuruga kazi yangu, cha mbele kabisa, kilichokuwa karibu kuliko vyote na kibanda, kilikuwa jembe la mama.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Baada ya kuiona video nilirudi kazini nikamweleza mkuu wa mradi ukweli wote, bila kuficha kwamba manju ni ndugu yangu. Nikaiondoa ile plazma nzito katika modeli. Nikatupa jioni zote za kiangazi isipokuwa za Jumapili, nikaanza upya na hizo peke yake. Ilinichukua majuma mengi. Na Jumapili hizo, Maduhu, zilisema kweli. Jua lilipogonga, pigo lilionekana huku, likaonekana Ngulyati wakati uleule, likaenda na kurudi mara chache, likafifia, kama hesabu zangu zilivyosema tangu mwanzo. Modeli yangu iko sahihi. Hata Mikko aliangalia michoro kwa muda mrefu bila kutabasamu, kisha akasema kwamba Jumapili ni chache mno kusimamisha nadharia juu yake. Nalichukia jambo hilo, lakini amesema kweli. Nimeokolewa na kwaya ya kanisa letu, si na uaminifu wako, na hata wokovu huo ni nusu.

Kamati ya mradi inataka kiangazi kimoja kizima kisicho na doa. Imeniachia mimi niseme chombo kisikilize kikiwa wapi. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kukifukua na kukipeleka Mkula, kwa mwalimu mwenzangu mstaafu ambaye ana eneo lenye utulivu na ambaye neno lake ni neno. Lakini chombo kikihama, vipimo vyote vya Ngulyati vinakosa mwenzi, inabidi tuanze mwanzo, na mkataba wangu utakwisha kabla vipimo vipya havijatosha. Modeli itaendelezwa na mtu mwingine. Huna haja ya kuuliza ni nani. Njia ya pili ni kukiacha katika shamba la baba na kungoja kiangazi kijacho. Vipimo vikiwa safi, kazi yangu itasimama kwa jina langu nami nitarudi nyumbani nikiwa nimeimaliza. Ikitokea jioni moja tu ya majembe, Mikko atayaona mawimbi hayo kabla yangu, na safari hii hawatacheka. Watanihesabu kuwa mwongo aliyeonywa.

Kwa hiyo swali lililo mezani kwangu si la plazma tena. Plazma nimeielewa. Swali ni kama wewe ni mtu wa kuachiwa shamba. Nimezoea kutabiri mwendo wa kitu nisichokiona kwa kutazama kilivyotikisika jana. Nikikufanyia hesabu hiyo wewe, jibu ni Mkula.

Sijaliandika jibu hilo. Mkuu wa mradi ananiuliza kila Ijumaa, nami ninamwambia bado. Sina sababu ya kisayansi ya kuchelewa, naye anajua.

Usinitumie kiapo, wala usiniambie kwamba umelia. Kuna uwanja mtupu nyuma ya stoo ya pamba, ng'ambo ya barabara, ambako chombo hakiwezi kuwasikia hata mkicheza na majembe ya Simiyu yote. Kama mnajua kucheza, watu watawafuata huko. Kama watu walifuata sanduku, afadhali mjue mapema. Na wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, mbele ya wenzako wote na mbele ya wapinzani kama watapenda kusikiliza, uwaambie kibanda kile ni cha nini. Utachekwa. Mimi nimechekwa kwa lugha ya kigeni na sikufa.

Jembe la mama lirudi kwenye pao kabla barua hii haijakunjwa. Hilo halingoji uamuzi wangu.

Nisalimie Holo, umwambie dawa ya kifua aimalize hata akijisikia nafuu. Msalimie mjomba, kaka yake mama, aliye Mwamanyili. Kama bado ananuna kwa sababu sikumuaga, mwambie nami ningenuna. Mwalimu wa kwaya mpe salamu za heshima pamoja na shukrani, wala usimweleze sababu. Shangazi, wewe ninakusalimu kwa magoti. Asante kwa video. Ungejua, usingeituma, nami ningekuwa bado napigania plazma isiyokuwapo.

Maduhu, nitaandika nikishaamua. Utaujua uamuzi kabla ya kuifungua bahasha. Ikiwa ni Mkula, barua itakuja kwa jina la Shangazi. Ikiwa ni Ngulyati, itakuja kwa jina lako.

Dada yako,
Kabula